Mjane nikimpeleka shemeji mahakamani ni dhambi? Wazee wa kanisa wamenisomea 1 Wakorintho 6

Mama Manka (mwanzisha mada)

Habari za usiku wana jukwaa. Mimi huwa nasoma tu na kupita, ila leo usingizi umekataa nikasema niandike. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mume wangu alifariki Machi mwaka jana. Tulifunga ndoa kanisani, tukaishi miaka kumi na saba, watoto watatu. Manka ndiye mkubwa, yuko kidato cha tatu. Wa mwisho ni wa kiume, ana miaka saba. Tunakaa kwenye kihamba, shamba la ukoo alilopewa na baba yake, huku mlimani: migomba, kahawa kidogo, ng'ombe wawili wa zizini. Kule chini tambarare tuna ekari mbili za mahindi na maharage. Hizo hatukurithi, tulinunua wenyewe mwaka wa tano wa ndoa, na nusu ya hela ilikuwa yangu ya kuuza vitenge siku za gulio. Karatasi ya mauziano ina jina la mume wangu peke yake. Siku ile mwenyekiti wa kitongoji aliuliza, "Baba, jina lako kamili?" akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Nilikuwa jikoni na wifi zangu. Nilipoitwa, kikao kilikuwa kimeshaisha na muhtasari umeshasainiwa. Kaka mkubwa wa marehemu ndiye msimamizi wa mirathi. Mimi nitabaki kihambani "kulea watoto". Ekari za chini atazishika yeye mpaka kijana akue.

Msimu huu amekodisha ekari moja na nusu kwa mtu wa Himo. Hela sijaiona. Manka amerudishwa nyumbani kwa michango ya bweni, yuko hapa ananisaidia kukata majani ya ng'ombe.

Nilimfuata msaidizi wa kisheria wa kata yetu, akaniambia shemeji ameshafungua shauri mahakama ya mwanzo ili athibitishwe, na kwamba ninaweza kuweka pingamizi. Habari ziliwafikia wazee wa kanisa kabla mimi sijafika nyumbani. Nikaitwa Jumatano. Walikuwa tisa, wanawake wawili. Mzee mmoja akafungua Biblia, 1 Wakorintho 6, akasoma pale Paulo anapouliza mtu mwenye daawa na mwenzake anathubutuje kushitaki mbele ya wasio haki. Akaruka, akasoma "si afadhali kudhulumiwa?" Halafu wakaniambia kwa upole kabisa kwamba nikimpeleka ndugu mahakamani, nitatengwa Meza ya Bwana mpaka nitubu.

Asubuhi yake shemeji alikuja na jani la sale. Kwa wasio wa huku Uchaggani: mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito, sijawahi kuona mtu mzima akilikataa. Nikampa kiti. Nikamwuliza, "Shemeji, unaomba msamaha wa nini?" Akasema, "Wa yote." Nikamwuliza, "Na shamba?" Akatazama migomba. Jani liko juu ya kabati la vyombo, linakauka polepole.

Mambo ya mahakama nitaelekezwa na wanaoyajua. Ninachouliza hapa ni dhambi. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, naimba kwaya ya akina mama. Sitaki kupata ekari mbili nikakosa Meza ya Bwana. Je, Paulo ananizuia kweli?


Nguzo ya Ukoo

Pole na msiba, dada. Nitasema ambayo wengine watayazunguka.

Kihamba si mali ya mtu mmoja. Ni cha waliolala ndani yake. Babu yuko pale, baba mkwe yuko pale, mumeo yuko pale. Wewe umekuja kwa ndoa na unaheshimiwa kwa hilo, umeachiwa nyumba na migomba. Hujafukuzwa. Ungejua wajane wanaotolewa na magodoro yao usiku, ungeshukuru.

Ukienda mahakamani unamshitaki nani? Baba mkubwa wa wanao. Siku posa ya Manka inakuja, mbege itapokelewa na nani? Na hakimu? Hakimu anaandika hukumu halafu anapanda gari. Ukoo unabaki.

Maandiko umeyasikia. Si afadhali kudhulumiwa? Sijayaandika mimi.


Hakimu Mstaafu

Mama Manka, pole sana. Mimi ni mzee wa Kihaya. Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka 29, na tangu nistaafu nimechaguliwa mzee wa kanisa. Viti vyote viwili vinavyokutia hofu nimevikalia. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni na mimi.

Wazee wako wamekusomea mstari wa 1 na wa 7. Waombe wasome wa 5. Pale Paulo anawatahayarisha Wakorintho, anawauliza kama kweli kwao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima "awezaye kukata maneno ya ndugu zake". Kukata maneno, mama. Hakusema kuyafunika. Alitaka shauri lisikilizwe ndani ya nyumba ya Mungu: huyu aseme, yule aseme, karatasi ziletwe, na mwishowe mtu aambiwe "rudisha". Sasa nijibu: Jumatano ile kuna aliyeomba kuiona karatasi ya mauziano? Shemeji aliitwa akae kwenye kiti kama ulichokalia wewe? Aliulizwa kodi ya shamba iko wapi? Kama hakuulizwa, wazee wako hawajamtii Paulo bado. Wamefunga mlango wa mahakama ya Kaisari, na ile ya watakatifu hawakuifungua.

Mstari wa 8 nao uko palepale, ukurasa uleule: "ninyi wenyewe mwadhulumu watu". Huo haukuandikwa kwa ajili ya mjane. Ni wa aliyekodisha.

Nimesikiliza mashauri mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Kila nilipoambiwa "mheshimiwa, hili tunalimaliza kifamilia", nilijifunza kuuliza swali moja: mali kwa sasa iko mikononi mwa nani? Karibu mara zote aliyesimama kuomba amani ndiye aliyekuwa ameishika. Amani ni kitu kizuri, nami nimepatanisha watu wengi chini ya mwembe wa mahakama. Lakini amani inayoacha ekari mkononi mwa aliyezichukua, sisi kwenye jalada tulikuwa tunaiita hukumu. Ni hukumu bila kusikilizwa.

Halafu Paulo mwenyewe. Pale Filipi walimpiga viboko hadharani bila kumhukumu. Kesho yake wakataka atoke gerezani kimyakimya, akagoma. Akasema sisi ni raia wa Rumi, waje wao wenyewe watutoe (Matendo 16). Kule Kaisaria alipoona Festo anataka kumpeleka Yerusalemu, mikononi mwa wanaomtafuta roho, akasema maneno manne, "Nataka rufani kwa Kaisari" (Matendo 25). Mtu huyo huyo aliyewaandikia Wakorintho. Hapo Korintho kwenyewe alikuwa ameshaburutwa mbele ya liwali Galio, na Galio akalitupa shauri. Kwa hiyo alizijua mahakama. Korintho ilikuwa koloni la Warumi, na kwenye mahakama zao za madai mwenye jina na mali alisikilizwa vizuri zaidi ya asiyenacho. Wasomi wengi wanaona waliokuwa wakishitakiana kanisani ni wale wenye uwezo, maana maskini hakuwa na pa kuanzia. Kama ndivyo, "si afadhali kudhulumiwa?" waliambiwa wakubwa waliokuwa wakitumia mahakama kuwakamua wenzao. Kulichukua neno hilo na kumpa mjane ni kuupindua upanga ukashikwa kwa makali.

Sasa kwetu. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na nakala ya hukumu moja inapita mkono kwa mkono mpaka wino ukafifia. Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, alirithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akashitaki mahakama ya mwanzo: mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya wilaya ikageuza. Likafika Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, na mwaka 1990 akasema mila hiyo imegongana na Katiba, ambayo ilikuwa imeingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Mimi nilikuwa kijana, nimelelewa kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1963, zile zinazosema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Nilizijua kwa moyo kama Baba Yetu. Nakiri kwamba hukumu ile niliisoma mara ya kwanza kwa hasira.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Kanuni za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipeleka Mahakama Kuu, wakakataliwa mwaka 2006, rufaa yao ikakwama mwaka 2010, ikabidi shauri lao lifike kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imewavunjia haki. Naisema hii ili usishuke Moshi ukidhani kila hakimu anakusubiri kwa mikono miwili.

Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Mkristo akifa bila wosia, mahakama inauliza alikuwa anaishi maisha gani. Ya kimila? Basi atarithiwa kimila. Ya Kikristo, ameacha mila kwenye mambo haya? Basi inatumika sheria ya zamani ya India ya 1865 ambayo bado tunayo: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili, wa kike sawa na wa kiume. Enzi zangu mahakama ya mwanzo kisheria ilishughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kwa hiyo shemeji alipofungua pale kwa muhtasari wa kikao cha ukoo, bila kusema neno ni kama ametamka kwamba mdogo wake aliishi na kufa kimila.

Nani anajua mumeo aliishi vipi? Wazee hao tisa. Walimbatiza, wakamwozesha, wakawabatiza watoto wake, wakamzika kwa nyimbo na joho. Kanisa limemzika kama Mkristo, na ukoo unataka kumrithi kama mtu ambaye hakuwahi kulowa maji. Na wazee wanaona hakuna tatizo!


Mama Manka

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamwita Manka asome.

Hapana, karatasi haikuombwa na mtu. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nimeikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Shemeji hakuitwa. Mmoja wa wale mama wawili aliuliza, "Na yeye tutamsikia lini?" akajibiwa kwamba leo tumekuja kumshauri mama. Na niseme tu ukweli, maana hapa hamnijui: shemeji ameahidi bati arobaini za paa la kanisa la mtaa. Sisemi wamehongwa. Nasema bati zipo akilini mwa watu.

Kaka Nguzo, umesema nimeachiwa nyumba na migomba. Ni kweli, na kihamba sikigombei. Wamelala pale wote uliowataja, na mume wangu kaburi lake naliona nikiwa nakamua. Nataka ekari nilizonunua. Na hata hizo ningemwachia azisimamie kama angeniletea kodi ya shamba nikalipia bweni.

Kuna kitu kimoja bado kinanichoma. Mzee amenionyesha Paulo alidai haki yake. Lakini Bwana Yesu hakudai. Alinyamaza.


Mwinjilisti wa Mtaa

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti, si mchungaji, na sipendi kubishana na wachungaji mtandaoni. Nitajibu hilo la mwisho kwa sababu ndilo zito, na nadhani mzee wetu amelipita mbio mbio.

Ni kweli, Mkristo ameitwa kuvumilia. Mahubiri ya mlimani yapo, shavu la pili lipo, tusiyafute kwa sababu yanatusumbua. Tulifundishwa chuoni kitabu cha Luther cha mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia. Anauliza swali lako hasa: Mkristo ambaye haruhusiwi kulipiza anaweza vipi kutumia upanga na sheria? Jibu lake ni kwamba unapoonewa wewe, kwa jambo lako mwenyewe, unavumilia. Anapoonewa jirani yako, huna ruhusa ya kumvumilia mwizi kwa mgongo wa jirani. Hapo sheria inakuwa kazi ya upendo, na serikali ni mtumishi wa Mungu kwa wema, kama Warumi 13 inavyosema.

Basi hesabu, mama. Kwenye ekari zile fungu lako ni lipi na la watoto ni lipi? Mzee ametaja theluthi mbili. Hizo si zako za kusamehe. Ukitaka kumsamehe shemeji theluthi yako, msamehe, na Mungu atakuona. Ya Manka na wadogo zake huwezi kuisamehe wewe, wala baraza la wazee haliwezi. Bwana alitoa shavu lake mwenyewe. Hakutoa la mtoto wa mtu.

Kuhusu kanisa kukata mashauri, mzee yuko sahihi, na ni jambo la zamani kuliko tunavyodhani. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Wakanung'unika. Mitume hawakuwasomea wajane mstari wa kunyamaza, waliwaambia wanafunzi wachague watu saba, wakawapa kazi hiyo. Hata Augustino, alipokuwa askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alikuwa anakaa kusikiliza kesi za watu, nyingine za urithi na mashamba, mpaka saa ya chakula ipite. Alilalamika kwamba zinamnyima muda wa kusoma, lakini alikaa.

Sasa la sale, maana mimi pia ni Mchaga. Naogopa mtu atakushauri ulitupe. Usilitupe. Ila Zakayo alipotubu hakuleta jani. Alisema nikiwa nimenyang'anya mtu kwa hila, namrudishia mara nne (Luka 19). Mwambie shemeji jani limepokelewa, na sasa tunasubiri kilichobaki. Wazee wetu wa zamani wenyewe walijua hivyo. Sale lilikuwa linafungua mazungumzo ya fidia. Sijawahi kusikia kwamba liliyafunga.

Kuhusu kutengwa: mtu anatengwa kwa dhambi inayojulikana ambayo amekataa kuiacha. Waombe waiandike jina lake. Kwa barua.


Nguzo ya Ukoo

Naona mmemzunguka dada wa watu mmempa sumu yenye mistari. Na mimi nasoma Biblia. Mnapenda sana kutaja binti za Selofehadi wa Hesabu 27 waliopewa urithi. Nendeni mpaka sura ya 36. Wakuu wa kabila walimfuata Musa wakasema hawa wakiolewa nje ardhi yetu itakwenda kabila lingine, na Musa akasema wamenena sawa. Ardhi ya ukoo ikabaki ukoo. Huyo Bernardo wa Muleba alikuwa anasema neno lilelile.


Hakimu Mstaafu

Nguzo, hiyo sura ya 36 ni hoja nzuri na ningependa mawakili wengi wangekuwa wanasoma kama wewe. Nimetabasamu.

Isome pamoja nami. Wakuu wa ukoo walikuwa na hofu ya kweli. Musa aliisikia. Akawawekea mabinti sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Je, aliwanyang'anya ardhi? Akampa baba mkubwa awashikie? Hapana. Ardhi ilibaki mikononi mwa wale wanawake watano, na majina yao yameandikwa mpaka leo: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Jina la baba mkubwa yeyote halikuandikwa.

Na Jaji Mwalusanya alifanya karibu jambo hilohilo, watu huwa hawafiki mwisho wa hukumu. Alisema mauzo ya Holaria ni halali, lakini Bernardo akitaka ardhi irudi ukooni anaweza kuikomboa kwa kulipa zile 300,000. Ukoo haukufukuzwa. Uliambiwa ulipe kama mnunuzi mwingine.

Kwa Mama Manka hata hiyo hofu haipo. Hajaolewa kwingine, watoto ni wa ukoo, na kihamba hajakidai. Ekari za tambarare zilinunuliwa, hakuna babu aliyelala kule.

Mama, ya vitendo sasa, halafu nikalale. Karatasi ya mauziano itoe nakala leo, usiache iliyo halisi kwenye kitabu cha nyimbo. Waliokuwa mashahidi siku ya kununua, andika majina yao. Pingamizi liwekwe kabla shemeji hajathibitishwa, maana akishathibitishwa unaanza safari ya kumtengua, na ni ndefu. Msaidizi wa kisheria atakuandikia, ila mahakamani hakuwakilishi, utasimama mwenyewe. Baraza la kata unaweza kupita kwa usuluhishi, siku hizi wanasuluhisha tu, hawahukumu. Kwenye ardhi ya kijiji, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, mwambie msaidizi wa kisheria akiweke kwenye pingamizi.

Na nenda ofisi ya usharika. Omba taarifa ya vitabu vyao: ubatizo wa mumeo, ndoa yenu, ubatizo wa watoto, maziko. Iwe na muhuri.


Mama Manka

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya siku sita, ng'ombe alizaa.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata mzee aliyenisomea. Nikamwomba anisomee mstari wa 5. Akasoma, akasoma tena kimya. Akasema atalifikisha kwenye baraza na kwamba shemeji ataitwa Jumatano. Sijui kama ataitwa. Nikamwambia nitasubiri Jumatano, lakini pingamizi sitalisubirisha, hiyo ni kwa ajili ya watoto. Hakutaja tena Meza ya Bwana.

Shemeji nilimtumia ujumbe kwamba jani nimelipokea kwa mikono miwili, alete hesabu ya mtu wa Himo. Tiki mbili za bluu, hajajibu.

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya usharika. Karani akatoa vitabu, akapata vyote: ubatizo wa mume wangu akiwa na wiki sita, kipaimara, ndoa, watoto, maziko. Akasema taarifa lazima asaini mchungaji. Nikaingia. Mchungaji akaniuliza barua hii ni ya nini, mama. Nikamwambia ni ya kuthibitisha kwamba mume wangu alikuwa Mkristo.

Alikaa muda mrefu ameshika kalamu. Halafu akaniuliza jina la pili la Manka linaandikwaje.